Injini Iliyozimika na Injini Iliyozimwa: Istilahi za Uwashaji katika Ndege za Mfano

Mwaka uliopita ilifika mezani kwetu barua ya mwalimu mmoja wa ufundi wa mitambo, pamoja na kijitabu cha kurasa kumi na sita. Chuo chake kilikuwa kimepewa zawadi ya ndege ya mfano, yaani ndege ndogo isiyopandwa na mtu, inayoongozwa kwa redio na mtu aliyesimama chini. Mabawa yake yalizidi mita 2 kutoka ncha hadi ncha, na injini yake ilikuwa ya petroli, ya sentimita za ujazo 50. Injini hiyo ilikuwa ikiwaka siku moja na kugoma siku tatu. Kijitabu kilieleza jinsi ya kutafuta hitilafu katika mfumo wa uwashaji, lakini kiliandikwa kwa Kiingereza, na wanafunzi walikisoma kwa taabu. Mwalimu aliomba tafsiri. Kazi hiyo nilipewa mimi, nikaimaliza kwa siku nne, na ilikuwa mbaya.

Ubaya wake sikuujua wakati huo. Istilahi zote zilikuwepo, sarufi ilikuwa safi, na mkuu wangu wa kazi aliipitisha bila masahihisho. Niliujua wiki tatu baadaye, mwalimu alipoandika tena kutuarifu kwamba mwanafunzi mmoja ameshonwa vidole viwili vya mkono wa kulia. Alikuwa akifuata maelezo yangu neno kwa neno. Sentensi yenyewe ilisema hivi: "Injini ikizima, geuza rafadha polepole kwa mkono ili upime mgandamizo." Injini ilikuwa imezima kweli. Rafadha ilikuwa imesimama tuli. Alipoigeuza, injini iliwaka.

Makala haya yanakusudia kueleza kosa hilo lilitoka wapi, na kupendekeza namna ya kuandika maelekezo ya uwashaji kwa Kiswahili. Yafaa tuanze na chombo chenyewe, kwa kuwa istilahi haiwezi kusahihishwa na mtu asiyekijua kitu kinachoitwa kwa istilahi hiyo.

Injini za petroli za ndege kubwa za mfano aghalabu ni za mapigo mawili, na nyingi zina nasaba moja na injini za misumeno ya miti na za mashine za kukatia majani. Oili huchanganywa ndani ya petroli yenyewe, kwa mfano sehemu 1 ya oili kwa sehemu 40 za petroli. Pistoni ikipanda hugandamiza mchanganyiko wa hewa na petroli. Ikikaribia kikomo chake cha juu, plagi hutoa cheche, mchanganyiko huungua, nayo pistoni husukumwa chini. Basi kila mzunguko mmoja wa injini hudai cheche moja. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, zinahitajika cheche 100 katika kila sekunde, na kila moja haina budi kufika kwa wakati wake. Rafadha ya injini ya kiasi hiki huweza kuwa na urefu wa inchi 22. Ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, ncha zake hukimbia takriban mita 205 kwa sekunde. Nataja hesabu hii kwa sababu neno "mfano" humfanya msomaji afikirie kitu cha kuchezea watoto.

Historia ya vyombo hivi ni fupi lakini ina funzo kwa wanaistilahi. Katika miaka ya 1930 huko Philadelphia, Marekani, William Brown alitengeneza injini ndogo ya petroli iliyojulikana kwa jina la Brown Junior, ya ujazo wa karibu sentimita 10, nayo ikawa miongoni mwa injini za kwanza za ndege za mfano kutengenezwa na kuuzwa kwa wingi. Ilitumia betri, koili, kapasita, na vipande viwili vya chuma vilivyogusana na kuachana ili kukata mkondo wa umeme na kuzalisha cheche. Mwaka 1947 Ray Arden, Mmarekani pia, alileta sokoni plagi isiyohitaji betri injini inapokwenda: ndani yake mna kizingo cha waya wa platini ambacho hubaki chekundu kwa joto la mwako na kwa tabia ya platini ya kuchochea uunguaji wa methanoli. Uwashaji wa cheche ukawekwa kando kwa miaka mingi, hadi ndege za mfano zilipokuwa kubwa kiasi cha kuhitaji injini za misumeno, na cheche ikarudi. Sasa tazama neno hili platini. Wafaransa mpaka leo huviita vile vipande viwili vya kukata mkondo "skrubu za platini", kwa kuwa zamani ncha zake zilipakwa madini hayo. Mfasiri anayetafsiri kutoka Kifaransa akiandika platini tu, msomaji wa ndege za mfano atafikiria plagi ya Arden, kitu kisicho na uhusiano wowote na vipande hivyo. Tulipendekeza "vikata mkondo" kwa vile vya kale, na "plagi ya kaa" kwa ile ya Arden, kwa maana waya wake hukaa mwekundu kama kaa la moto. Pendekezo la pili bado linabishaniwa ofisini.

Siku hizi uwashaji wa injini hizi ni wa namna mbili, na hapa ndipo penye kiini cha mambo.

Namna ya kwanza ni ya magneto, kama ile iliyotumiwa katika injini ya Kijapani ya Zenoah G-62. Hapana betri. Sumaku iliyofungwa kwenye gurudumu la injini hupita mbele ya koili, na mpito huo wenyewe huzalisha umeme wa cheche. Namna ya pili ni ya betri na kisanduku cha kielektroniki. Betri ya volti chache, kwa mfano 4.8 au 6, hulisha kisanduku. Kisanduku hupandisha volti hizo na kuzihifadhi katika kapasita. Kisha sumaku ndogo iliyopachikwa kwenye kitovu cha rafadha inapopita mbele ya kihisi, kapasita humwaga umeme wake wote kwa mara moja katika koili, na cheche ya maelfu ya volti huruka kwenye plagi. Kihisi hicho hufanya kazi kwa kanuni aliyoivumbua Edwin Hall mwaka 1879, wakati ambapo hapakuwa na ndege ya mfano wala ndege ya kweli yenye injini ya petroli.

Tofauti ya namna hizi mbili kwa mtu anayeshika rafadha ni kubwa. Magneto huhitaji mgeuzo wa nguvu ili itoe cheche ya kufaa. Uwashaji wa betri hauhitaji nguvu hiyo: swichi ikiwa imewashwa, hata mgeuzo wa polepole waweza kuipitisha sumaku mbele ya kihisi na kuleta cheche kamili. Ndani ya silinda ya injini iliyotoka kusimama mmebaki mvuke wa petroli. Kwa hiyo mwanafunzi wetu hakuhitaji kufanya kosa lolote. Alihitaji tu kutii.

Turudi kwenye sentensi. Katika Kiswahili sanifu, zima ni kitenzi kinachotaka mtendwa: mtu huzima taa, mpishi huzima jiko. Taa inayokufa yenyewe kwa kukosa mafuta huwa imezimika, na taa iliyokatwa na mtu huwa imezimwa. Lakini katika mazungumzo ya kila siku tumezoea kusema gari limezima, simu imezima, injini imezima, bila kuuliza nani kazima au kama kuna aliyezima. Mazoea haya hayana ubaya barabarani. Dereva akisema gari limezima kwenye mlima, hakuna asiyemwelewa. Katika kijitabu cha ufundi, hata hivyo, yanafuta habari moja ambayo uhai wa vidole umeitegemea: je, injini imesimama kwa sababu mtu amekata uwashaji, au imesimama yenyewe huku uwashaji ungali hai?

Katika Kiingereza cha kijitabu, habari hiyo ilibebwa na maneno mawili tofauti, na mimi nikayamimina yote katika "ikizima". Aibu yangu ni kwamba sikuhitaji kuunda neno lolote jipya. Lugha ilikwisha kunipa viambishi viwili, kile cha kutendeka na kile cha kutendwa, ambavyo mtoto wa darasa la sita hufundishwa. Injini iliyozimika haina mtu aliyeizima. Injini iliyozimwa inaye. Tunapendekeza wafasiri wa maandishi ya mitambo waache kabisa kutumia "imezima" kwa maana ya kusimama, na watofautishe hizi mbili kila mahali, hata pale ambapo sentensi itaonekana nzito.

Hata hivyo "imezimwa" peke yake haitoshi. Mtu aweza kuizima injini kwa kufunga choki au kwa kuinyima petroli, na uwashaji ukabaki hai vilevile. Ndiyo sababu sentensi iliyosahihishwa inasomeka: "Zima swichi ya uwashaji, chomoa waya wa betri ya uwashaji, ndipo uiguse rafadha." Baadhi ya wenzangu waliiona ndefu. Iachwe ndefu.

Nilipofika hapo nilidhani nimemaliza, kumbe bado magneto. Katika uwashaji wa betri, kuzima ni kukata: swichi hutenganisha betri na kisanduku, na umeme haufiki. Katika magneto, kuzima ni kuunganisha: swichi huuelekeza umeme wa koili kwenye chuma cha injini, ukapotelea humo badala ya kwenda kwenye plagi. Maana yake ni kwamba waya wa swichi ya magneto ukikatika, injini haizimiki tena kwa swichi, na iko hai wakati wote, swichi iwe huku au kule. Sasa fikiri mfasiri ameandika "kata umeme" au, kama mafundi wengi wasemavyo, "kata moto". Kwa mwenye betri, agizo ni sahihi. Kwa mwenye magneto, anayetii kwa kuchomoa waya wa swichi amefanya kinyume cha alichoambiwa.

Jambo hili linatupeleka kwenye jozi ya vitenzi inayowatesa walimu wa umeme, nayo ni funga na fungua. Mtu akifungua bomba, maji hutoka. Mpishi akifungua gesi, gesi hutoka. Tunafungulia redio ili isikike. Katika maisha yetu yote, kufungua ni kuruhusu kitu kipite. Lakini katika somo la umeme lililofasiriwa neno kwa neno, sakiti "iliyofunguliwa" ndiyo isiyopitisha umeme, na sakiti "iliyofungwa" ndiyo inayopitisha. Mwanafunzi anayesoma "hakikisha sakiti imefungwa" atalala usingizi mnono akidhani yuko salama. Nimeona vitabu vya shule vikitumia tafsiri hiyo, na sioni jinsi ya kuitetea. Sakiti huunganishwa au hutenganishwa. Vitenzi hivyo havina historia ya bomba, na mtu anaviona kwa macho: ncha mbili za waya zimegusana au zimeachana.

Sasa niyapitie maelezo ya kutafuta hitilafu kwa mpangilio wa fundi mwenyewe, nikionyesha kila tulipokwama.

Fundi huanza kwa kuifungua plagi na kuitazama. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yamefika na yamkini cheche ndiyo iliyokosekana. Ikiwa kavu kabisa baada ya kugeuza rafadha mara nyingi huku choki imefungwa, asihangaike na umeme. Aende kwenye kabureta, mipira ya mafuta na kiwambo cha pampu. Ikiwa nyeusi kwa masizi, mchanganyiko una petroli au oili nyingi kupita kiasi, na masizi yenyewe huweza kuwa njia ya umeme kupotelea kabla ya kuruka. Rangi ya kahawia hafifu ndiyo ya afya. Pengo kati ya ncha zake hupimwa pia. Kwa plagi ndogo zinazotumiwa sana katika injini hizi, huwa kati ya milimita 0.4 na 0.5.

Tatizo la istilahi hapa ni neno plagi lenyewe. Fundi wa umeme wa nyumba akisikia "chomoa plagi" atakwenda ukutani. Wenzetu wa upande wa Congo, waliokopa kutoka Kifaransa, husema buji, na hawana shida hiyo. Sisi tumeamua kuandika "plagi ya cheche" mara ya kwanza katika kila sura, na plagi tu baada ya hapo, ila katika maandishi ambamo plagi ya ukutani nayo hutajwa, kama maelezo ya chaja ya betri, ambamo jina kamili halifupishwi. Kadhalika plagi ya cheche haichomolewi. Hufunguliwa, kwa kuwa imekazwa kwa hesi. Kinachochomolewa ni kofia yake.

Kisha fundi hupima cheche. Plagi iliyofunguliwa huvishwa kofia yake, chuma chake kikagusishwa kwenye mwili wa injini, mbali na tundu la plagi ambamo mvuke wa petroli hutoka. Swichi huwashwa, na rafadha hugeuzwa ili cheche ionekane. Kuna onyo moja hapa ambalo katika tafsiri ya kwanza nililiweka mwishoni mwa aya kama nyongeza, nalo lilistahili kutangulia: uwashaji wa kielektroniki usiamriwe kutoa cheche huku kofia haina plagi. Maelfu ya volti yasipopata pengo la plagi yatatafuta njia nyingine, na njia hiyo mara nyingi hupitia ndani ya kisanduku chenyewe, nacho hufa.

"Kugusisha kwenye mwili wa injini" ni maelezo marefu kwa kitu ambacho fundi umeme hukiita kwa neno moja, ethi. Nililitumia. Mwalimu akaandika pembeni ya ukurasa: ndege ikiwa angani, ethi iko wapi? Swali lake lilikuwa la mzaha, lakini mwanafunzi mmoja alikuwa kweli amepigilia kipande cha nondo ardhini kando ya meza ya kazi na kukifunga waya. Mafundi wa magari husema bodi, wakimaanisha chuma cha gari zima, lakini ndege ya mfano ina mwili wa mti na plastiki usiopitisha umeme. Tumeacha "mwili wa injini", na ethi tumeirudisha kwa mafundi wa nyumba.

Cheche isipoonekana, fundi huirudia njia ya umeme kutoka mwanzo. Betri hupimwa ikiwa inafanya kazi, kwa sababu betri iliyochoka huonyesha volti nzuri ikiwa imepumzika na huanguka mara inapoambiwa itoe mkondo. Viungio vya waya na swichi hukaguliwa kwa kuvitikisa, maana mtetemo wa injini ya silinda moja huvilegeza, na waya mwembamba wa kihisi hupenda kukatikia ndani ya ganda lake bila kuonekana kwa nje. Sumaku huangaliwa kama ingali mahali pake kwenye kitovu. Koili huweza kuwa nzima ikiwa baridi na kushindwa ikipata joto. Dalili yake ni injini kuwaka vizuri asubuhi, kuzimika baada ya dakika kadhaa, na kuwaka tena ikishapoa. Hitilafu za kabureta huiga dalili hiyo hiyo, na kwa hiyo plagi hutazamwa tena wakati injini ingali moto.

Majira ya cheche yana ugumu wa namna yake. Cheche hutangulia kikomo cha juu cha pistoni ili mwako upate muda wa kukomaa. Katika injini nyingi za aina hii, ikizunguka kwa kasi, cheche hutangulia kwa takriban digrii 28. Lakini kwa kasi ndogo ya kuwashia kwa mkono, utangulizi huo mkubwa ungemrushia fundi rafadha kinyumenyume, kwa hiyo kisanduku cha kielektroniki huuchelewesha hadi digrii chache tu. Kihisi kikisogea au kitovu kikihama mahali pake, hesabu yote hupotea, na injini huanza kurudisha rafadha mkononi. Mtu yeyote aliyewahi kuwasha mashine ya kusaga kwa hendeli anaijua hofu hiyo. Mafundi husema taimingi, nasi hatuna ugomvi na neno hilo katika karakana. Katika maandishi tumeweka "majira ya cheche" kwa jumla na "utangulizi wa cheche" kwa zile digrii.

Waya wa plagi katika ndege za mfano huvikwa wavu wa chuma uliosukwa, nao unastahili kuelezwa kwa sababu katika gari haupo. Kila cheche ni mtambo mdogo wa redio. Wavu huo huyazuia mawimbi yake yasimfikie mpokeaji anayeongoza mabawa. Enzi za redio za megahezi 35 za Ulaya na 72 za Marekani, kofia iliyolegea ilitosha kuitingisha ndege nzima angani. Redio za gigahezi 2.4 za siku hizi huvumilia zaidi, lakini bado hushauriwa kisanduku na mpokeaji vitenganishwe kwa takriban sentimita 30.

Limebaki neno moto. Karakanani neno hili hufanya kazi zote. Plagi haina moto, yaani haitoi cheche. Waya hauna moto, yaani haupitishi umeme. Injini ina moto, yaani ina joto. Gari limeshika moto, na hapo mtu hukimbia. Katika rasimu ya kwanza nilikuwa nimeandika "hakikisha hakuna moto" mahali pawili: pa kwanza kijitabu kilimaanisha sigara na viberiti, pa pili kilimaanisha umeme wa plagi. Tumegawa kazi hizo kwa maneno manne ambayo yote yalikuwepo: umeme kwa kinachopita katika waya, cheche kwa kinachoruka kwenye plagi, mwako kwa kinachotokea ndani ya silinda, na uwashaji kwa mfumo mzima unaoyasababisha hayo. Nilitamani sana kutumia "mwasho" kwa hili la mwisho, kwa kuwa ni fupi na limekaa sambamba na mwako. Mwenzetu mmoja aliyekuwa akishughulikia istilahi za afya alisoma "mfumo wa mwasho" begani kwangu, akauliza unatibiwa kwa dawa gani.

Kumisi tumekuacha kama kulivyo. Kila dereva na kila fundi husema injini inamisi pale mwako mmoja au zaidi unapokosekana katika mfuatano, na "kukosa mwako", tulikokujaribu, kunaeleza pia injini ambayo haijawaka kabisa.

Rasimu ya pili tuliipeleka kwa mwalimu kabla ya kuipiga chapa, tukamwomba awape wanafunzi waisome mbele ya ndege, betri ikiwa imechomolewa, kila mmoja akionyesha kwa kidole kitu kilichotajwa. Walikwama mahali pamoja tu. Tulikuwa tumeandika "kihisi", tukikwepa "sensa" ambayo kwa Mtanzania ni hesabu ya watu. Wanafunzi wakasema wao wanakiita jicho. Nilijibu kwa barua kwamba kifaa hicho hakioni chochote. Hutambua sumaku, na hata kikipakwa matope kitafanya kazi. Jibu lililetwa na yule aliyeshonwa vidole, ambaye sasa ndiye mtunza swichi wa darasa. Aliandika kwamba matope anayajua, lakini jicho ni kitu ambacho mtu hawezi kusahau kwamba kinamtazama, hata injini ikiwa imezimika. Katika kijitabu kilichopigwa chapa kumebaki kihisi. Katika ubao ulio juu ya meza yao, nimeambiwa, kumeandikwa jicho.